Mega ya Bei Nafuu: Maswali ya Wasomaji wa Kanda ya Kati

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Dodoma na Singida zinahusu kifaa kimoja, yaani mega, kile kipimo kinachosukuma volti kubwa ndani ya waya ili kuona kama kihami chake, yaani gamba linalouzuia umeme usitoke, kinavujisha umeme. Zamani kifaa hiki kilimilikiwa na mkandarasi mkubwa au idara ya serikali, na fundi wa mtaani alikiona siku ya ukaguzi tu. Sasa mega ndogo za betri zinauzwa kwa bei ambayo fundi kijana anaweza kuimudu, na maswali yamekuja pamoja nazo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi kijana wa Nkuhungu, nimemaliza mafunzo ya umeme VETA na kwa sasa nafanya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni. Nimenunua mega ya kidijitali inayotumia betri sita ndogo, yenye hatua za volti 250, 500 na 1,000. Mafundi walionitangulia wananiambia kuwa ni ya kuchezea, kwa sababu kila ninapopima nyumba mpya huonyesha alama ya kupita kiwango badala ya namba. Je, niiache? Na kama sitaiacha, nitajuaje kuwa inasema kweli?

Marahaba, mwanangu. Usiiache, lakini pia usiitumie kwenye kazi ya mtu kabla hujaijaribu mezani kwako, kwa kuwa jaribio lenyewe ni rahisi na linahitaji vitu unavyoweza kuvipata katika duka lolote la vipuri vya redio.

Kwanza tuelewane kuhusu ile alama. Waya mpya uliofungwa vizuri, katika ukavu wa Dodoma wa mwezi Agosti au Septemba, unaweza kuwa na ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa mamia au maelfu ya megaomu (megaomu moja ni omu milioni moja), na mega ambayo upeo wake ni megaomu 2,000 itaonyesha kwamba imepitwa. Hilo si kosa. Kwa nyumba ya kuishi, tofauti ya megaomu 500 na megaomu 5,000 haina maana yoyote katika uamuzi wako, na pesa anayoongeza mtu ili apate kifaa kinachosoma gigaomu nyingi ni pesa ambayo fundi wa nyumba hataiona ikirudi. Tatizo ni kwamba alama hiyohiyo huonekana pia pale waya wa kipimo ulipokatika kwa ndani, na nyaya zinazokuja na mega za bei nafuu hukatika mapema, hasa shingoni, pale zinapoingia kwenye kishikio. Kwa hiyo kabla ya kila kipimo gusanisha ncha mbili, bonyeza kitufe, uone sifuri. Zitenganishe, bonyeza tena, uone alama ya kupita kiwango. Wakati ncha zimegusana, zitikisetikise nyaya shingoni. Sifuri ikirukaruka, badilisha nyaya kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo hasa linalotenganisha mega na kitu cha kuchezea. Maltimita nayo inapima ukinzani, lakini inafanya hivyo kwa volti chache tu za betri yake, na kihami chenye ufa mwembamba uliojaa vumbi kavu hakitaonyesha udhaifu wake kwa volti hizo. Mega inakipa kihami volti 500 za mkondo mnyoofu, zaidi ya mara mbili ya volti 230 tunazotumia majumbani, na ndipo udhaifu unapojitokeza. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61557-2 kinataka kifaa cha namna hii kiweze kutoa angalau miliampia 1 huku kikiwa bado kinashikilia volti kilichoandikiwa. Hapo ndipo mega nyingi za bei nafuu huanguka: zikiwa hazijaunganishwa na kitu zinatoa volti 500 na ushee, lakini zikikutana na kihami kibovu volti zinaporomoka, na kihami kile kile ulichotaka kukibana kinapita bila kubanwa. Huenda namba inayoonekana kwenye kioo ikawa sahihi kihesabu, lakini jaribio lenyewe halikufanyika kwa nguvu iliyokusudiwa.

Ili kulijua hilo, nunua rezista tano za kiloomu 100, zile ndogo za robo wati, uziunge mfululizo ili upate kiloomu 500. Kwa volti 500 mkondo unaopita ni miliampia 1, kila rezista inabeba volti 100 na sehemu ya kumi ya wati, na hakuna itakayoungua. Usitumie rezista moja ndogo ya kiloomu 500, kwa sababu rezista za ukubwa huo kwa kawaida hazikutengenezwa kustahimili volti 500 peke yake. Weka maltimita yako kwenye volti za mkondo mnyoofu, katika upeo wa volti 1,000, uiunganishe kwenye ncha mbili za mnyororo huo wa rezista, kisha uiunganishe mega hapohapo na ubonyeze kitufe cha volti 500. Utaona mega inasoma takribani megaomu 0.48 badala ya 0.5, kwa kuwa maltimita nayo ina ukinzani wa ndani, kwa kawaida megaomu 10, na inachukua sehemu yake ya mkondo. Tazama volti. Zikisimama kwenye 500, au zikashuka kidogo tu hadi 480 hivi kwa sababu ya mzigo huo wa ziada, una kifaa cha kazi. Zikianguka hadi 350, badilisha betri zote kwa pamoja, uweke za alikali badala ya zile za bei ya chini zinazouzwa dukani mtaani, urudie. Na zikianguka tena, basi mafundi wakubwa walikuwa na haki.

Ukishamaliza, ondoa rezista uache maltimita peke yake. Mega inapaswa kusoma karibu megaomu 10, ambao ni ukinzani wa maltimita yenyewe, na kwa njia hiyo umepata pointi ya pili ya kulinganisha bila gharama. Hatua ya volti 1,000 usiijaribu kwa maltimita ambayo ukomo wake ni volti 1,000, kwa sababu mega isiyo na mzigo hutoa zaidi kidogo ya inachokiandika. Tena, wakati wa majaribio haya yote usishike ncha kwa vidole. Mkondo wake ni mdogo, lakini mshtuko unatosha kumwangusha mtu ngazini.

Kuhusu namba ya kupita, kiwango cha IEC 60364-6 kinataka angalau megaomu 1 kwa saketi za volti zisizozidi 500, zikipimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu. Vitabu vya zamani vilitaja nusu megaomu, ndiyo maana utawasikia mafundi wakitofautiana. Kumbuka kuwa huo ni mstari wa chini kabisa. Waya mpya wa nyumba ndogo unaosoma megaomu 1.2 umepita kwenye karatasi, lakini mimi nisingeutia saini kabla ya kutenganisha saketi moja moja nikajua ni ipi inayovuta namba chini. Saketi zilizo kwenye bodi moja ya kugawia umeme zimekaa sambamba: saketi tano zenye megaomu 5 kila moja, ukizipima pamoja, zitakupa megaomu 1 tu, ilhali hakuna hata moja iliyo na ubovu. Kwa upande mwingine, saketi nne zenye maelfu ya megaomu na moja yenye megaomu 1.2 zitakupa namba hiyohiyo ya 1.2, na hapo kuna msumari umegusa waya mahali fulani.

Andika pia tarehe, saa na hali ya hewa. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu, kwa hiyo nyumba iliyopimwa Septemba imepimwa katika hali yake nzuri kuliko zote. Kwenye dari chini ya bati, saa nane mchana, joto la waya ni tofauti kabisa na la saa moja asubuhi, na ukinzani wa kihami hupungua kadiri joto linavyopanda. Fundi asiyeandika mambo haya hawezi kulinganisha kipimo cha leo na cha mwakani.

Mhariri, mimi ni mama mwenye nyumba Ipagala. Kila mvua ikinyesha, swichi ya RCCB ya miliampia 30, ile inayokata umeme unapovujia ardhini, inajizima, na baada ya siku moja au mbili inakubali tena. Fundi alikuja na mega, akapima, akasema nyaya zote zina megaomu 60 na hazina tatizo, kwa hiyo RCCB ndiyo mbovu nibadilishe. Nimebadilisha, na mpya nayo inajizima. Nifanyeje?

Pole sana, mama. Umeingia gharama ambayo hesabu ndogo ingeizuia. RCCB ya miliampia 30 hujizima pale umeme unaovujia ardhini unapofika mahali fulani kati ya miliampia 15 na 30. Kwa volti 230, ili miliampia 30 zivuje, ukinzani wa pale panapovuja unapaswa kuwa umeshuka hadi omu 7,700 hivi. Hizo ni kiloomu, si megaomu. Nyumba ambayo kweli ina megaomu 60 inavujisha mkondo mdogo usioweza kuisumbua RCCB yoyote. Kwa hiyo ama kipimo kilifanyika wakati tatizo halipo, ama hakikugusa mahali lilipo.

Uwezekano wa kwanza ni wakati. Ikiwa fundi alikuja siku ya tatu baada ya mvua, jua lilikuwa limeshakausha kila kitu. Mwite siku ileile RCCB inapojizima, mvua ikishakatika lakini kabla ukuta haujakauka.

Uwezekano wa pili ndio ninaoushuku zaidi, na naomba umwonyeshe fundi aya hii. Mafundi wengi hushusha breka za saketi, wakapima waya wa fezi, ule unaoleta umeme, dhidi ya ethi, yaani waya wa ardhini, wakaridhika. Breka za kawaida za nyumbani hukata fezi peke yake. Nyutro, yaani nyaya zinazorudisha umeme, za saketi zote zinabaki zimeungana kwenye baa yake. Nyutro ikigusana na ethi kupitia maji, RCCB itajizima hata kama breka ya saketi hiyo imeshushwa, kwa kuwa sehemu ya mkondo wa nyumba nzima unaorudi kwenye nyutro itapotelea ardhini. Kwa hiyo azime meini swichi, ahakikishe kwa kipimo kuwa hakuna umeme, achomoe kila nyutro kutoka kwenye baa, aipime kila moja peke yake dhidi ya ethi, kisha apime fezi yake. Hiyo ni kazi ya saa moja au zaidi kwa nyumba ya kawaida, na anastahili kulipwa kwa ajili yake.

Kwa vile dalili inafuata mvua, aanzie nje: taa ya geti, taa za ukutani zinazotazama upande mvua inakotokea, kengele, soketi ya uani, na waya wowote uliofukiwa kwenda kwenye kibanda au kwenye pampu ya tangi. Mara nyingi kiboksi cha taa ya nje kikifunguliwa hutoa maji kidogo yenye tope, na ndani yake kuna kiungo kilichofungwa kwa utepe tu. Nyaya zilizofukiwa bila bomba nazo huliwa na mchwa, na huo mchwa wa Dodoma hauchagui chapa ya waya.

Nje pakionekana pasafi, vinabaki vyombo. Chomoa jokofu, birika, pasi na hita, urudishe kimoja kimoja. Chombo kinachoshukiwa fundi anaweza kukipima kwa kuunganisha pamoja pini za fezi na nyutro, kisha kupima dhidi ya pini ya ethi kwa volti 250. Lakini mama, usimruhusu mtu yeyote aiondoe RCCB au kuiruka kwa waya ili kukuondolea kero. Inafanya kazi yake.

Mimi ni fundi wa Kongwa. Nilipima nyumba ya mteja kwa volti 500 kati ya fezi na nyutro bila kuondoa taa za LED, na taa tatu hazikuwaka tena. Je, mega yangu ni mbovu?

Hapana, ndugu yangu, mega ilifanya ilichoagizwa. Kipimo kati ya fezi na nyutro hufanyika pale tu ambapo hakuna kitu kati yao: taa zimetolewa, vyombo vimechomolewa, swichi zenye kipunguza mwanga na vitambuzi vya mwendo vimeondolewa, na kinga ya mawimbi ya umeme iliyo kwenye bodi imetengwa. Swichi za ukutani ziache zikiwa zimewashwa, la sivyo sehemu ya waya iliyo ng'ambo ya swichi haitapimwa. Kama nyumba imeshahamiwa na kuondoa kila kitu ni kazi kubwa, unganisha fezi na nyutro pamoja kwa waya mfupi, upime hizo mbili kwa pamoja dhidi ya ethi, ukianza na volti 250. Kwa njia hiyo volti haipiti ndani ya elektroniki. Utakuwa hujajua hali ya kihami kati ya fezi na nyutro, na hilo liandike kwenye ripoti yako.

Je, mega hii naweza kupimia fimbo ya ethi niliyoichimbia kwenye udongo mkavu wa Chamwino?

Haiwezekani. Mega inapima megaomu, na fimbo ya ethi inahesabiwa kwa omu chache au makumi ya omu, kwa hiyo utaona sifuri na utaondoka ukidhani mambo ni mazuri. Kazi hiyo ina kipimo chake cha ethi, chenye fimbo mbili ndogo za kusaidia zinazochomekwa ardhini kwa umbali. Azima au kodi. Na ukipima, fanya hivyo mwishoni mwa kiangazi, maana huo ndio wakati ethi ya Chamwino inakuwa dhaifu kuliko wakati mwingine wote.

Habari za kazi, mwalimu. Nina mashine ya kukamua alizeti Manyoni, inayoendeshwa na mota ya fezi tatu. Asubuhi kabla ya kazi napima kwa mega napata megaomu 40 kati ya koili na bodi ya mota, yaani gamba lake la chuma. Mchana, mota ikiwa ya moto, napata megaomu 6. Fundi mmoja ananishauri nipeleke mota ikasukwe upya kabla haijaungua msimu ukiwa umepamba moto. Wewe unasemaje?

Nzuri, ndugu. Mimi nasema usiipeleke. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa mota ni kwamba ukinzani wa kihami hupungua kwa takribani nusu kila joto lake linapopanda nyuzi 10. Chukulia asubuhi mota yako iko nyuzi 25 na mchana koili zake ziko nyuzi 55. Hizo ni nyuzi 30 za tofauti, yaani kupunguza nusu mara tatu: 40 inakuwa 20, 20 inakuwa 10, 10 inakuwa 5. Wewe umepata 6. Mota yako inafanya kile ambacho mota nzima hufanya.

Ili ulinganishe kwa haki, pima katika joto lilelile kila mara, na asubuhi kabla ya kuwasha ndio wakati mzuri. Kiwango cha Marekani cha IEEE 43 kinazitaka mota za kawaida za chini ya volti 1,000, zenye koili za kusukwa kwa waya wa duara, ziwe na angalau megaomu 5 baada ya kipimo kurekebishwa kuwa cha nyuzi 40. Megaomu 40 zako za nyuzi 25 ni kama megaomu 14 kwa nyuzi 40, kwa hiyo una nafasi ya kutosha. Kinachopaswa kukushtua ni namba ya asubuhi ikianza kuteremka mwezi baada ya mwezi, tuseme kutoka 40 hadi 25 na kisha 12, ilhali hali ya hewa haijabadilika. Kwa mashine ya alizeti, chanzo cha kwanza cha kukagua ni kiboksi cha viunganishi: vumbi la maganda likichanganyika na mafuta hujenga utando juu ya kibao cha viunganishi, na utando huo unashika unyevu. Usafishe kwa kisafishaji cha umeme kinachokauka chenyewe, upime tena kabla ya kumlaumu msukaji wa koili.

Usipime kwa kuangalia namba ya sekunde ya kwanza. Shikilia kitufe kwa dakika nzima. Kama mega yako ina kitufe cha kufunga, kitumie, na hakikisha betri ni nzima, kwa maana dakika moja ya volti 500 inazila. Namba inayopanda polepole na kutulia ni dalili njema. Namba inayopanda na kushuka bila mpangilio, au inayoanza juu ikateremka, ina unyevu au uchafu nyuma yake, na mota ya namna hiyo ikaushwe kwa hewa ya uvuguvugu kabla ya kuwashwa. Hilo litakutokea zaidi kama mashine imelala miezi yote ya mvua ikisubiri mavuno.

Mambo mawili ya mwisho kwako. Kama mota inaendeshwa kupitia kidhibiti mwendo cha elektroniki, ondoa nyaya za mota kwenye kidhibiti kabla ya kupima, kwa sababu volti 500 zitakiua kidhibiti, na bei yake inaweza kupita ya mota yenyewe. Na ukitaka kujua hali ya koili moja dhidi ya nyingine, ondoa zile sahani ndogo za shaba zinazounganisha vichwa sita ndani ya kiboksi, upime koili tatu zenye alama U, V na W: U dhidi ya V, V dhidi ya W, na W dhidi ya U. Kila baada ya kipimo, unganisha koili na bodi ya mota kwa waya kwa muda usiopungua mara nne ya muda uliopima: dakika moja ya kipimo, dakika nne za kutoa chaji, ndipo uguse kwa mkono.